Namba Ishirini na Nne ya Kofia Kioo

Watu wa mtaa wa Malindi wanajua kwamba Haroub akisema mvua inanyesha, utoe mkono nje kwanza. Miaka thelathini na tatu ya ukarani bandarini haikumfundisha kusema kweli, na tangu astaafu ndiyo kabisa. Ndiye aliyeapa barazani kwamba chombo cha anga kiliwahi kutua pwani ya Kiwengwa mchana kweupe, kikapakia magunia mawili ya mwani, kikaondoka bila ya kuaga. Alipoulizwa nani shahidi, akasema mashahidi wote wamechukuliwa.

Kwa hivyo alasiri ile ya Alkhamisi alipopaliwa na kahawa mpaka macho yakamtoka, wenzake wawili wa barazani walidhani anaigiza.

"Mpige mgongoni," alisema Mbarouk, fundi saa mnene.

"Mwache," alisema Kheir. "Sasa hivi atatwambia kahawa ilikuwa na papa ndani yake."

Lakini safari hii Haroub hakuwa akiigiza. Alikuwa anaangalia simu. Kwenye kundi lao, Inaya, mjukuu wa marehemu Mufaddal mwenye duka la nyuzi na vifungo, alikuwa ametuma picha ya kasha la mbao limejaa vitabu vya katuni. Chini yake ameandika: "Babu zangu, tunasafisha ghala. Kofia Kioo wenu huyu hapa, namba moja mpaka ishirini na nne. Kesho baada ya sala ya Ijumaa nakuleteeni."

Kheir naye alishasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena.

"Ishirini na nne," alisema polepole. "Haroub, yakhe, ishirini na nne! Ile uliyoisoma peke yako."

"Ehe," alisema Haroub. "Hiyo hiyo."

Ukitaka kujua kwa nini kahawa ilimpalia, lazima umjue Kofia Kioo.

Walipokuwa watoto, mabaharia wa meli za kigeni walikuwa wakiingia dukani kwa Mufaddal kutafuta vifungo, wakamwachia vitabu walivyokwisha kuvisoma. Mufaddal aliwaazima watoto wa mtaa kwa sharti moja tu, waoshe mikono. Maandishi yalikuwa ya Kizungu kisichokuwa Kiingereza. Mbarouk anashikilia ni Kireno, Kheir anasema Kitaliano, na ugomvi huo una nusu karne. Lakini picha zilitosha. Palikuwa na msafiri wa nyota aliyevaa kofia ya kioo kama chupa ya taa, na mtumishi wake wa bati, ambaye watoto walimwita Debe.

Sasa, wakati ule walikuwa bado hawajaanza skuli. Walichokijua ni chuo cha Kurani, na chuoni juzuu hufunguliwa kutoka kulia. Kitabu ni kitabu. Basi Kofia Kioo naye wakamfungua kutoka kulia, wakamsoma kutoka jalada ambalo Wazungu huliita la mwisho mpaka lile wanaloliita la kwanza, na kila ukurasa kijisanduku cha kulia kwanza. Matokeo yake yalikuwa makubwa. Minara iliyoanguka ilisimama. Moto ulirudi ndani ya mabomu, mabomu yakarudi ndani ya mizinga. Maadui waliokufa waliinuka, wakajipangusa, wakarudi makwao kinyumenyume. Kofia Kioo hakuwa mpiganaji, alikuwa fundi. Popote alipopita, palipovunjika paliungika.

Skuli walikuja kufundishwa kuanzia kushoto, lakini hapo walishafika namba tisa, na humgeuzi mtu katikati ya safari. Wakaendelea vilevile mpaka ya ishirini na tatu. Mpaka leo, ikitoka senema mpya ya hawa mashujaa wa chupi juu ya suruali, Mbarouk huitazama kwenye simu ya mwanawe kisha huja barazani kuitukana. "Saa mbili nzima wanabomoa mji! Na nani atakayeujenga? Hata tofali moja hawakuinua! Kofia Kioo angewaona, angewatia bakora."

Ya ishirini na nne haikufika wakati ule; kumbe Mufaddal aliletewa miaka mingi baadaye, akaitia kashani akasahau. Mabaharia walisema ndiyo ya mwisho, meli iliyokuwa nayo ikaondoka, na watoto wakabaki na Kofia Kioo anaelea peke yake nje ya sayari ya Zohali. Mwaka huohuo baba yake Kheir alikwenda Dubai kutafuta kazi, na barua zikakatika. Kheir akaacha kula. Akakaa kwenye ngazi ya duka anauliza kila anayepita kama Kofia Kioo alirudi kwao.

Haroub alikuwa na miaka kumi na moja, na tayari alikuwa muongo mzuri. Akakaa karibu yake akasema binamu yake wa Mombasa anayo namba ishirini na nne, na yeye ameisoma kwa macho yake mawili. Kofia Kioo karudi. Mama yake kamfungulia mlango.

Baba yake Kheir hakurudi. Aliyerudi ni Kofia Kioo peke yake, na Kheir hakuficha kwamba alimshikilia huyo. "Nlikuwa nnajiambia, mmoja karudi," amewahi kusema barazani mbele ya watu. "Basi nikaweza kula." Siku ile Haroub alitazama viatu vyake. Uongo mwengine wote aliuona kama pipi anazogawa. Huu mmoja ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi Alkhamisi ile, kahawa haijapoa, Haroub akaondoka barazani mbio mpaka dukani. Inaya alikuwa amefunga kitambaa puani anapangusa vumbi.

"Shikamoo babu Haroub."

"Marahaba, mjukuu wangu. Weka chini vitabu hivyo! Wino wa zama zile ulitiwa sumu ya panya. Babu yako aliniambia kwa siri. Na Kheir ana presha."

"Mimi nimevishika tangu asubuhi."

"Ndiyo maana nakuona umepauka."

Inaya alicheka mpaka kitambaa kikashuka. Kisha, kwa wema wake, akamchomolea namba ishirini na nne akampa mkononi.

Haroub aliifungua kwa pupa, kama afunguavyo gazeti kila asubuhi. Ukurasa wa mwanzo, mama na mlango. Kofia Kioo amepiga magoti, anaagana naye. Akapindua upesi upesi. Chombo kinapaa. Nyumba inakuwa ndogo. Dunia inakuwa tufe, kisha punje. Picha ya mwisho, weusi mtupu na doa moja la nuru, na doa lenyewe unalitafuta.

"Hakurudi," alisema Haroub.

"Nani?"

"Hakuna, mwanangu. Hakuna aliyerudi."

Nyumbani Bi Salhiya, mkewe, alimwekea muhogo wa nazi na samaki, akauona unapoa.

"Umedanganya dunia nzima na unalala fofofo. Leo una nini?"

Akamweleza. Bi Salhiya akafikiri kidogo. "Basi mwambie mwenyewe kabla hajafungua. Akusikie wewe, asikisikie kitabu."

Ijumaa baada ya sala walikaa watatu barazani, kanzu safi, mikono imeoshwa kwa sharti la marehemu. Inaya akaja na kasha, akalitua katikati yao. Haroub akakohoa.

"Kheir, kabla ya kufungua, nina neno."

"Nyamaza."

"Ni neno la maana, kuhusu ile ya ishi—"

"Haroub, wallahi ukiniharibia nakuvua kofia mbele ya watu. Miaka hamsini na tano nasikia kwa mdomo wako. Leo nataka kwa macho yangu."

"Mwache aone, bwana we!" alidakia Mbarouk. "Kila hadithi lazima uitafunie watu?"

Kheir akaitoa namba ishirini na nne. Akaiweka juu ya mapaja na kuipangusa. Haroub akafumba macho, akangoja.

Akasikia karatasi inapinduliwa. Inapinduliwa tena. Akafumbua jicho moja.

Kheir alikuwa ameanzia kulia.

Haroub akakumbuka alivyoifungua jana dukani, kutoka kushoto. Mjinga we, alijiambia, magazeti ya bandarini yamekuharibu! Mbele ya kidole cha Kheir palikuwa na weusi mtupu na doa la nuru. Kidole kikaenda kushoto. Doa likawa punje, punje ikawa tufe la buluu. Chombo kikashuka. Paa la nyumba likaonekana, likakua, likajaa ukurasa. Na kwenye picha ya mwisho kabisa, pale Wazungu walipoanzia, mlango uko wazi, na Kofia Kioo amepiga magoti kifuani kwa mama yake.

Haroub alitoa pumzi ndefu mpaka Mbarouk akageuka kumtazama. Mabega yakamshuka. Alitaka kucheka, akaona machozi ndiyo yaliyotangulia, akasingizia vumbi la kasha.

"Lakini babu Kheir," alisema Inaya, "mwanzo si huku? Huku anaondoka."

"Huko ndiko mwanzo kwenu," alisema Kheir bila ya kuinua kichwa. "Wa kwetu anarudi."

"Sasa ukweli ni upi?"

"Mama kamshika au hakumshika?"

Inaya akaitazama picha. "Kamshika."

"Basi."

Mbarouk akachukua namba tatu, yeye na Inaya wakaanza kubishana kama maandishi ni Kireno. Kheir akamsogelea Haroub, akasema chini chini.

"Neno gani ulitaka kunambia?"

Haroub angeweza kunyamaza. Uongo wake umetengenezwa na wino wa watu, hauna tena ufa. Lakini moyo ulikuwa mwepesi kiasi kwamba neno lilimtoka lenyewe. "Sikuisoma. Nilikudanganya."

"Najua."

"Unajua?"

"Wewe huna binamu Mombasa. Nlimuuliza mama yako wiki ileile." Kheir akakifunga kitabu taratibu. "Nlijua hujui. Lakini na mimi nlikuwa sijui. Basi nikachukua yako. Na jana, yakhe, tangu iingie ile picha, hata maji hayakupita kooni. Nikijiuliza, na ikiwa Haroub kakosea?"

Wakatazamana wazee wawili, kisha wakaanza kucheka, Kheir kwanza, wakacheka mpaka Mbarouk akadai aambiwe.

"Hakuna," alisema Haroub akifuta macho. "Nlikuwa namkumbusha tu kwamba yote nilimwambia sawasawa."

"Si yote," alisema Kheir. "Ulisema Debe alikufa njiani. Debe huyu hapa, amesimama uani, kabeba mkoba."

"Huyo ni mwengine. Yule alikufa, huyu ni mdogo wake."

"Bati lina mdogo wake?"

"Hebu nipeni niisome na mimi," alisema Mbarouk akinyoosha mkono. "Na leo nataka kuanzia kushoto, nione walivyoandika wenyewe."

Kheir akainua kanzu, akakiweka kitabu chini yake, akakikalia.

"Anza na namba moja," alisema. "Osha mikono."