Bei ya Kigombe

Kila asubuhi, kabla Samiha hajafungua kompyuta yake, Bi Mastura humtegea mjukuu wake kitendawili kimoja. Ndiyo ada ya nyumba yao pale Kigombe, tangu mama yake alipofariki na mtoto akaletwa kwa bibi, ana miaka minne, na kifurushi cha nguo mkononi.

"Kitendawili!"

"Tega, bibi."

"Azunguka dunia, hatoki chumbani."

Samiha akakuna kichwa, hedfoni zinaning'inia shingoni. "Hicho kimenishinda."

"Nipe mji."

"Nakupa Mombasa."

"Haya, Mombasa nimefika, nimekula halua yao, nimenunua doti mbili za kanga, nimerudi. Jibu ni wewe mwenyewe!"

Wakacheka, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Samiha, miaka ishirini na mitatu, hakuwahi kwenda mbali zaidi ya Tanga mjini, lakini mwajiri wake alikuwa kampuni ya ng'ambo. Kazi yake kusikiliza filamu na kusahihisha maandishi ya Kiswahili yapitayo chini ya picha, na kwa mwezi hupata dola mia na themanini. Kwa Bi Mastura, aliyesuka ukili mpaka vidole vikapinda, pesa ile ilikuwa bati jipya na dawa za presha. Zaidi ya hayo, ilikuwa kinga. Maana kulikuwa na Mwinyijuma.

Mwinyijuma ni wakala wa Ngamiani, kule Tanga mjini, apelekaye mabinti Maskati kufanya kazi za ndani. Hasina, binti wa nyumba ya pili, alikwenda kwa mkono wake, na mwaka wa pili huu mama yake hajaisikia sauti yake. Tangu hapo Bi Mastura hataki hata kulisikia jina la Mwinyijuma. Naye bwana yule hachoki. Leo hupiga kwa namba hii, kesho kwa nyingine, keshokutwa humtuma mtu apige: "Nina habari ya kazi. Samiha yupo?" Jibu la bibi ni moja tu: "Amesafiri." Pale Kigombe mtu usiyemjua akikuulizia binti wa nyumba, humpi. Unamwambia amesafiri, hata kama binti yuko nyuma ya pazia anakula wali.

Mwezi wa sita akaja Kristina, Mjerumani, akapanga chumba cha uani. Naye alikuwa na kompyuta yake, na kumbe kampuni ni ileile, ila yeye husahihisha maandishi ya Kijerumani. Jioni moja wakila mihogo ya nazi barazani, Bi Mastura akashindwa kuvumilia.

"Samiha, hebu mwulize. Huku kutanga na njia kwake, anapata kitu au anakula akiba?"

Samiha akamwuliza kwa Kiingereza. "Anapata, bibi. Dola elfu tatu na mia sita kwa mwezi. Alikuwa Ureno, sasa yuko hapa, baadaye anakwenda Vietnamu. Mshahara haupungui."

"Elfu tatu! Kwani ana mikono mingapi?"

Kristina aliposikia tafsiri alicheka, kisha akainamisha macho.

"Si kazi yenu ni moja?" bibi akauliza.

"Ni moja, bibi. Yeye analipwa bei ya kwao, popote alipo. Mimi nalipwa bei ya Kigombe, na nikitoka Kigombe bila ruhusa yao mkataba unakatika."

Bi Mastura akautafuna muhogo wake pole pole. "Basi hicho nacho ni kitendawili," akasema, "na aliyekitega hajui jibu."

Haikupita wiki mbili, siku ya Jumanne asubuhi, simu ya bibi ikalia. Samiha alikuwa chumbani, mlango umefungwa, hedfoni masikioni. Namba ilikuwa ngeni, sauti ya mwanamume mwenye Kiswahili cha bara.

"Shikamoo mama. Namwulizia Samiha, nina habari ya kazi. Nataka kuhakikisha tu, yupo hapo nyumbani?"

Habari ya kazi! Maneno yaleyale. Bi Mastura akatabasamu peke yake.

"Marahaba. Amesafiri."

"Amesafiri? Tangu lini, mama?"

Leo bibi akaona amkate huyu tamaa kabisa. "Mwezi wa pili huu. Yuko ughaibuni, wala harudi karibuni."

"Asante, mama." Simu ikakatika. Bibi akarudi kwenye ukili wake, roho imetulia kama aliyefukuza mwewe.

Alhamisi kompyuta ikagoma kumpokea Samiha. Badala ya kazi ikaja barua. Akamsomea bibi, sentensi moja moja, akiigeuza Kiswahili: mkataba umevunjwa, kwa kuwa ndugu wa karibu, ambaye namba yake Samiha mwenyewe aliiandika kwenye fomu ya kazi, alipopigiwa simu amethibitisha kwamba amehama nchi bila kutoa taarifa.

"Ndugu gani huyo mwenye ulimi mrefu hivyo?" bibi akaruka.

Samiha akainyooshea kidole simu ya bibi. Hapo Bi Mastura akajua. Ukili ukamponyoka magotini.

Wakahangaika. Samiha alijipiga picha mbele ya nyumba, akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji akapata barua yenye muhuri. Bibi akaipiga namba ile mara ishirini, haikupokewa. Kristina naye akawaandikia wakubwa wa kampuni. Siku ya tisa likaja jibu: nafasi imekwisha kujazwa. Kristina aliaga akilia, akaenda zake Vietnamu. Mshahara wake haukupungua.

Samiha alitafuta kazi Tanga mjini, duka hadi duka, mpaka soli za viatu zikalika. Mwezi wa tisa akaiazima simu ya bibi, akampigia Mwinyijuma yeye mwenyewe.

"Nisamehe, mwanangu," bibi akasema. "Nilikuwa nakuficha."

"Najua, bibi."

Siku ya kuondoka, gari likiunguruma nje, Samiha alichutama mbele ya kiti cha bibi.

"Leo natega mimi. Kitendawili!"

"Tega," bibi akasema.

"Amevuka bahari, mji hajauona."

Bibi alilijua jibu. Alilijua tangu mwaka ule alioondoka Hasina. Akatikisa kichwa.

"Umeshindwa? Nipe mji, bibi."

Miaka kumi na tisa walikuwa wakipeana miji: Pangani, Mombasa, Lamu, Unguja, hata Istanbuli. Bi Mastura akafungua kinywa na mji haukuja.

"Sina, mwanangu. Leo sina mji wa kukupa."

Honi ikalia mara ya pili. Samiha akambusu bibi kiganja, akachukua begi lake. Na asiyepewa mji hasemi jibu.

Chumbani, juu ya meza tupu, taa ya kile kidude cha intaneti ilikuwa bado inawaka kijani. Bando lilibakiwa na siku kumi na moja.