Takataka za Mzee Gershom

Mzee Gershom alimimina maji ya kunawia mikono ndani ya tundu la gitaa la Kitsao, harusini, mbele ya Changamwe nzima. "Muziki ulikufa na sisi," akasema. "Hizi zenu ni kelele za madebe." Watu wakacheka, maana Gershom ndiye aliyeongoza ngoma ya beni, ile ya matarumbeta na gwaride, baada ya vita vya kwanza, na tangu hapo hapakupigwa kitu harusini bila ridhaa yake.

Gitaa lile Kitsao alirudi nalo kutoka vitani Burma, na ndilo lililomlisha. Kwa maji yale likabanduka mgongo. Mwaka mzima alibeba magunia bandarini huku akiliunga kipande kwa kipande. Asamehe? Thubutu! Alitaka maneno yale yamrudie mwenyewe, mbele ya watu wale wale.

Dawa aliipata jikoni. Mamake, Kaviha, alikuwa akikuna nazi na kuimba.

"Wimbo wa nani huo, mama?"

"Wa Gershom. Alimtungia Dorcas walipooana. Wazee wa siku zile walimtukana weee, wakasema ni kelele za madebe."

Kitsao akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Gershom alipomwoza bintiye Milcah, bwana harusi alitaka gitaa. Mzee akakubali wimbo mmoja tu, apate kuuhukumu. Kitsao akapiga ule ule, bila maneno, akiuharakisha kidogo. Vijana wakainuka kucheza.

"Basi, basi!" Gershom akanguruma. "Takataka! Aliyetunga hii hajapata kupenda mwanamke maishani mwake."

"Una hakika, mzee?"

"Nimeshasema. Mate niliyotema siyarambi."

Kitsao alikuwa na jibu lake mdomoni, amelitunza tangu siku ile ya jikoni. Hakuwahi kulitoa. Mama Dorcas alitua chini sinia la wali.

"Baba Milcah," akamwambia mumewe, "wimbo huu ulinitungia mimi."

Watu wakamgeukia Mzee.

"Haya, niimbie ubeti wa pili. Mbele ya watu hawa," mkewe akaendelea.

Mzee hakuukumbuka. Kitsao aliyaona macho yale yakizunguka kutafuta msaada, mwishowe yakamwangukia yeye. Akayaacha yamwombe. Ah, utamu wake! Kisha akazigusa nyuzi upya, polepole, na Mama Dorcas akauimba ubeti wote peke yake, akilia, bila kumtazama mumewe.