Kwotesheni ya Tatu

Jumapili baada ya chakula cha mchana, afisa ununuzi aliifuta meza kwa kitambaa chenye maji, akaikausha, kisha akaweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Juu ya kila moja aliweka glasi, feni isije ikaipeperusha. Nafasi ya karatasi ya tatu aliiacha wazi, na glasi yake akaiweka hapohapo, juu ya meza tupu.

"Chagua basi," mkewe alisema. "Zote mbili ni chaja. Zote zinachaji."

"Ya tatu haijaja."

Kazini walimwita Bwana Kwotesheni, naye hakuchukia. Kwa miaka ishirini na sita hakuwa amenunua chochote, hata kalamu ya ofisi, bila kupata kwanza kwotesheni, yaani hati za bei, za maduka matatu, na tabia hiyo ilimfuata hadi nyumbani. Sufuria zilinunuliwa hivyo. Kitanda nacho kilinunuliwa hivyo, na miezi minne ya mwanzo wa ndoa yao walilala chini. Zamani mkewe alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa kicheko.

Safari hii hakucheka. Alikuwa muuguzi, na baada ya kuomba mara tano alikuwa amepewa wodi ya wazazi aiongoze, katika hospitali ya mji wa pili, kilomita sabini kwenda na sabini kurudi. Alitakiwa kuripoti tarehe mosi, saa moja asubuhi. Mabasi ya huko huanza saa mbili. Kwa hiyo alivunja akiba yake yote akanunua gari la umeme, kuukuu lakini zima, linalokwenda kilomita mia na hamsini likijaa. Kilichobaki ni chaja ya kulijazia nyumbani. Soketi ya kawaida walishaijaribu. Iliyeyuka, ikaondoka na friji. Kituo cha kuchajia kilikuwa kimoja tu mjini, na foleni yake ilikuwa ndefu kiasi kwamba watu wawili waliokutana humo walikuwa wameshaoana.

Chaja ya kwanza ilikuwa na kebo ya mita tano, ya pili mita saba na nusu. Ya tatu ilisemekana huzungumza na simu ya mwenyewe. Kwotesheni ya kila duka iliishi siku kumi na nne tu. Duka la kwanza lilijibu siku ileile, la pili baada ya wiki, na la tatu meneja alikuwa likizo. Kwotesheni ya tatu ilipofika, ya kwanza ilikuwa imekufa. Ikaombwa upya, na ilipokuja, ya pili nayo ikafa. Hii ilikuwa duru ya nne, na kabla ya tarehe mosi zilibaki wiki mbili.

"Haraka haraka haina baraka," mume alisema, akiiweka sawa glasi ya tatu.

"Na ngojangoja huumiza matumbo," mke alijibu, akatoka nje kabla hajasema lingine.

Kebo ilikuwa bado imechomekwa kwenye gari tangu siku ya soketi, ncha yake ya pili imelala kwenye saruji. Aliiokota ili aizungushe na kuitundika. Taa ya kijani ikawaka. Kwenye kioo cha dashibodi namba ilisoma asilimia kumi na tisa, na baada ya muda ikasoma ishirini. Alisikia joto viganjani, kama la kushika kikombe cha chai, basi. Akaendelea kushika. Jirani alipita na mfuko wa nyanya, akauliza kama inachaji.

"Inachaji."

"Afadhali," jirani alisema, akaenda zake.

Gari lilijaa baada ya muda wa saa sita. Kesho yake akaitwa fundi umeme. Alibana mita yake kwenye kifundo cha mkono wa muuguzi, akasoma kilowati saba.

"Nyumba yenyewe haitoi hizi," fundi alisema. Alimwonya asishike plagi akiwa ametoka kuoga. Hapo simu ya muuguzi ikalia. Alikuwa binti yake aliye chuoni, akisimulia jinsi mhadhiri wao alivyofundisha saa nzima huku suruali yake imechanika nyuma. Muuguzi alicheka, na taa ya kijani ikazima.

Fundi aliandika hilo kwenye daftari. "Mama, hii yako inatumia hasira. Ukifurahi inakata. Si hitilafu, ndivyo ilivyo."

"Basi haitakatika," muuguzi alisema.

Nyumba ikajipanga upya. Mume alimtolea kigoda. Binti aliombwa apige simu baada ya chakula cha jioni tu. Wifi, dada wa mume aliyeishi nyumba ya pili, alikuwa hodari wa vichekesho. Akaombwa asikanyage pale mpaka gari lijae. Mume alikuja kugundua mwenyewe kwamba akisema "bado ya tatu" mita aliyoiacha fundi hupanda hadi nane, na akisema "subira yavuta heri" hufika tisa na nusu na kebo hunguruma. Basi kila nusu saa alichungulia dirishani akasema subira yavuta heri. Alisema kwa upole, ili kumpunguzia mkewe muda wa kukaa.

Tatizo ni kwamba gari likijaa alilichukua mume. Duka la tatu lilikuwa mbali sana, ng'ambo ya mji na halikupokea simu, hivyo kwotesheni ilibidi ifuatwe. Akitoka huko hupitia la kwanza kuongeza siku, kisha la pili. Jioni gari lilirudi na asilimia nane.

"Hili ni gari langu," mke alimwambia.

"Na chaja ni yako vilevile. Unadhani nahangaika kwa ajili ya nani?"

Siku moja muuguzi aliweka mikono kwapani akakataa. Gari lililala na asilimia zake nane. Lakini anamkomoa nani? Tarehe mosi haibembelezwi. Kesho yake akashika tena. Alikuwa na hasira, na nyingi haikuwa ya gari wala ya chaja. Ilikuwa ya miaka, na aliijua kwa mwaka na mwezi.

Siku ya mwisho ya mwezi alilijaza gari hadi mia. Alipiga pasi sare, akatundika ufunguo kwenye msumari wake karibu na mlango. Asubuhi, saa kumi na moja na nusu, alitoka bafuni akaukuta msumari mtupu. Mezani, chini ya glasi ya tatu, palikuwa na kikaratasi: *Ya kwanza inakufa leo. Nimewahi duka la tatu kabla hawajafungua. Narudi upesi.*

Mume alirudi saa nne, amejaa furaha. Kwotesheni zote tatu zilikuwa hai, kwa mara ya kwanza. Muuguzi alikuwa amekaa kwenye kigoda na sare yake, simu mapajani. Msimamizi wa hospitali alikuwa amempa pole nyingi. Wajawazito hawangoji, alisema, na aliyekuwa wa pili kwenye orodha ya waombaji anakaa mtaa uleule wa hospitali, tena ameshavaa aproni.

Mchana huohuo kamati ya ununuzi ilikaa: mume, wifi, na fundi umeme kama mtaalamu. Mume alichora jedwali lenye safu nne, kwa kuwa kanuni hairuhusu mshindani yeyote aachwe. Akasoma ya nne kwa sauti.

"Mama watoto. Nguvu, kilowati saba, hupanda hadi tisa na nusu. Urefu wa kebo, anasogea mwenyewe. Ufungaji, hauhitajiki. Bei, hakuna. Dhamana, miaka ishirini na miwili na hajasumbua."

"Hivi mwenyewe kaulizwa?" wifi alisema.

"Mshindani haketi kwenye kamati, dada."

Wifi alichungulia dirishani, akavuta kalamu. Kisha akatia saini, na fundi akatia ya kwake. Kwotesheni tatu zilizo hai zikapigwa mhuri, zikawekwa kwenye faili.

Nje, muuguzi alikuwa amesikia kila neno. Aliinama akaokota plagi. Hakuna aliyechungulia kumwambia subira yavuta heri, na haikuhitajika. Gari lilijaa kwa dakika arobaini.

Mume alitoka, akaangalia saa yake, akaangalia namba kwenye kioo, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Unaona sasa," alisema. "Tungekuwa na haraka, tungenunua."