Vitenge vya Meza ya Kaswera

Kila anapobadilishwa mkubwa wa mkoa, msimamizi wa soko naye hubadilishwa, na kila msimamizi mpya huja na ndugu zake wasio na meza. Kisangani nzima inalijua hilo. Kwa hiyo Kaswera, muuza maharagwe, alipomwona Papa Gédéon, msimamizi mpya, akija na polisi nyuma yake, hakujisumbua kuinuka. Meza yake ilikuwa kando ya lango, mahali ambapo mteja lazima apite. Kwa meza hiyo alikuwa amewalisha watoto wake tangu afiwe na mume, na hakuwa na nyingine.

Papa Gédéon akashika upindo wa kitenge kilichotandikwa chini ya maharagwe. Kilikuwa na uso wa mkubwa aliyeondolewa, bado anatabasamu.

"Mama, weye uko mutu ya ile chama ya zamani. Donc, ni wao walikupatia hii meza. Utoke leo."

Mgeni wa soko huyo, maskini! Vitenge vya wakubwa hugawiwa bure, na mbao za meza zina nyufa. Maharagwe hayajali ni sura ya nani inayoyazuia yasidondoke.

Hasira zilimpanda Kaswera. Akayakusanya maharagwe ndani ya beseni, akakivuta kitenge. Chini yake kulikuwa na kingine, cha mkubwa wa kabla yake. Chini ya hicho kingine tena, kimefifia, yamebaki macho tu.

"Papa chef, unionyeshe. Kati ya hawa, nani alinipatia meza?"

Jirani yake Françoise, muuza pilipili, akaangua kicheko, na meza za jirani zikadakia.

Kaswera akaviondoa vyote, zikabaki mbao tupu, nyeusi kwa uzee, miguu imezama kwenye saruji.

"Hii mbao mama yangu aliipakia mu treni kule Ubundu. Saruji alichanganya yeye mwenyewe, mimi niko ku mugongo yake. Hawa wote walinikuta hapa. Na weye umenikuta. Sitoki!"

"Inua hiyo meza!" Papa Gédéon akamfokea polisi.

Polisi akavuta, akavuta tena. Meza haikutikisika. Wanawake wakaacha biashara zao wakamzunguka polisi, Françoise mbele, viganja vyekundu kwa pilipili. Polisi akavitazama viganja vile, akakumbuka ana kazi upande wa pili wa soko. Papa Gédéon akamfuata.

Kabla mwezi haujaisha alirudi, safari hii akigawa vitenge vyenye uso wa mkubwa mpya. Kaswera akapokea chake kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu zote, akakitandika juu ya vile vingine. Kisha akaumwagia ule uso maharagwe mpaka ukafunikwa.

"Bon, papa chef," akasema, kopo mkononi. "Nikupimie ngapi?"