Waliohama Bila Kuondoka

Kitu cha kwanza alichokiona msafishaji wa ofisi ya elimu ya wilaya, Jumatatu asubuhi, kilikuwa nyayo za mtu mmoja mahali walipopita watu wawili. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupiga deki korido, sakafu bado inang'aa kwa maji, na mama mmoja alipita akimshika mkono mwanawe aliyevaa sare ya shule na viatu vyenye matope. Kandambili za mama ziliacha alama kumi na nane kutoka mlangoni hadi dirisha la karani. Viatu vya mtoto havikuacha hata moja.

"Mama, mwanao amehama," karani alisema baada ya kufunua daftari.

"Amehama kwenda wapi? Asubuhi hii nimemwamsha mimi, nimemnawisha uso mimi."

"Kwa daftari, amehama."

"Si huyu hapa nimemshika mkono!"

Karani alinyoosha shingo, akamtazama mtoto bila dharau yoyote. "Namwona, mama. Lakini mimi nafuata daftari. Mtihani wanafanya waliomo."

Mama aliondoka akisema maneno ambayo msafishaji aliyasikia vizuri na asingeweza kuyarudia. Alama za kurudi zilikuwa kumi na mbili tu, kwa sababu alitembea kwa hasira. Msafishaji alizifuta zote, akaenda kukamua dekio.

Hakushangaa. Yeye mwenyewe hakuwa ameacha unyayo popote kwa miaka kumi, majini wala vumbini, na ndiyo sifa iliyompatia kazi. Siku ya usaili ofisa elimu aliwapa wasichana watano ndoo na kipande cha sakafu kila mmoja. Wanne walijisahau wakakanyaga walipokwisha kusafisha. Yeye alitembea alikotaka na sakafu ikabaki kama kioo. "Huyu," ofisa alisema, basi. Hakuulizwa anafanyaje, naye hakusema, maana alikuwa na mdomo mzito, mtu ambaye hata salamu aliijibu akitazama ndoo. Ofisini walimwita Dada wa Deki. Siku zote alidhani kutoacha nyayo ni ufundi tu, kama wengine wanavyojua kupiga mluzi.

Baada ya Jumatatu ile alianza kutazama miguu. Kufikia Jumatano walikuwa wamekuja wazazi tisa na watoto tisa, na nyayo zilikuwa za watu tisa.

Wilaya yenyewe ilikuwa ndogo: shule kumi na moja za msingi, mbili kati yake zisizo na milango. Lakini mwaka wa sita mfululizo ilikuwa ya kwanza mkoani kwa wastani wa mtihani wa darasa la saba. Wastani ulikuwa kazi ya karani, na walimu walimwita Bwana Wastani, jina alilolipenda. Kila mwaka, kabla ya orodha ya watahiniwa kufungwa, walimu wakuu walimletea matokeo ya majaribio. Bwana Wastani aliweka rula juu ya jina la kila mtoto aliyekuwa anavuta wilaya chini, akapiga mstari mwekundu, na kwenye nafasi ya maelezo akaandika neno moja: amehama. Alikuwa na mwandiko mzuri. Neno hilo aliliandika vizuri kuliko jina lake mwenyewe.

Watoto hawakwenda kokote. Walibaki kwao, wakachota maji, wakabeba wadogo zao mgongoni, na walipopita kwenye tope, tope lilifumba kama halijakanyagwa. Mwaka huu walikuwa sitini na wanne.

Habari hiyo iliwahi kufika kwenye kikao, chini ya mengineyo. Mlinzi wa geti alilalamika kwamba wengine hawaachi nyayo getini, hawezi kujua nani ameingia na nani ametoka.

"Jambo hili linaathiri wastani?" ofisa elimu aliuliza.

"Haliathiri, bosi," Bwana Wastani alisema.

"Basi tusipoteze muda."

Ikaamuliwa kwamba waliohama watumie mlango wa nyuma, ili mlinzi asichanganyikiwe. Waraka ulibandikwa ukutani, na Dada wa Deki aliupangusa vumbi kila Ijumaa.

Angeweza kuendelea hivyo miaka mingine kumi. Lakini alikuwa na mdogo wake, darasa la saba, waliyebaki naye wawili tu baada ya mama yao kufariki. Mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa sababu hakunyamaza. Alisoma kwa sauti kila kilichoandikwa: maboksi ya sabuni, vibao vya maduka, majina ya marehemu kwenye matangazo ya mazishi. Alisoma taratibu, akikwamakwama, kidole kikiwa chini ya neno, lakini hakuliacha neno mpaka limekubali.

Hesabu ndizo zilizomshinda. Mwalimu wa hesabu wa shule yao aliazimwa na ofisi ya elimu aje kuchora chati za ufaulu. Aliazimwa kwa wiki mbili, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Alikaa chumba cha mwisho cha korido na kalamu za rangi saba, na chati zake zilikuwa nzuri kwelikweli, zikipanda kutoka kushoto kwenda kulia. Dada wa Deki alizipangusa pia. Jirani na chumba hicho kulikuwa na stoo, na ndani ya stoo madawati mapya mia mbili, yaliyofungiwa tangu muhula wa kwanza yakimsubiri mgeni rasmi aje kuyakabidhi. Chiriku na wenzake walikaa sakafuni, wakaandikia magotini. Katika majaribio ya hesabu alipata tisa kwa mia.

Nyumbani, kila asubuhi, Dada wa Deki alianza kumwaga maji kidogo kwenye saruji ya mlangoni.

"Dada, unafua kizingiti?" Chiriku aliuliza.

"Pita tu."

Jumanne nyayo zilitoka kamili. Jumatano visigino havikutoka. Alhamisi ilibaki alama ya kidole gumba cha mguu wa kulia, ndogo kama tone.

Chiriku aliinama akaitazama. "Zinafifia, eti?"

"Zinafifia."

"Zako je?"

Dada wa Deki alichukua ndoo akaenda kazini.

Siku hiyo alikusudia kusema. Njia nzima aliyapanga maneno: bosi, mdogo wangu anajua kusoma, hesabu hawakufundishwa, mwalimu wao mnaye humu ndani. Hayakuwa mengi. Aliingia ofisini kwa ofisa elimu na dekio mkononi, akasimama mbele ya meza. Daftari lilikuwa wazi, na Bwana Wastani ameliinamia kando ya meza, kalamu nyekundu mkononi. Alilisoma likiwa limegeuka juu chini, maana ndivyo alivyozoea kuisoma meza ile. Rula ilikuwa juu ya jina la Chiriku. Mstari ulikuwa bado.

"Vipi, Dada wa Deki? Ndoo imevuja?"

Alitazama dekio mkononi.

"Hapana, bosi."

"Basi futa hapo kwenye pembe, kuna buibui. Kesho tuna mgeni."

Akafuta kwenye pembe. Nyuma yake alisikia kalamu ikipita kando ya rula, sauti ndogo, kama mtu anayefunga zipu.

Kabla ya kutoka kazini aliingia chumba cha kumbukumbu, akashusha madaftari ya zamani mpaka akafika la miaka kumi nyuma. Alijipata mstari wa kumi na tisa. Mwandiko ulikuwa uleule. Amehama. Alikuwa na miaka kumi na mitatu wakati ule, na mwalimu mkuu alimwambia asije tena mpaka aitwe. Alikaa akisubiri kuitwa. Sasa ndipo alipoelewa kwamba haukuwa ufundi. Alirudisha daftari mahali pake, akapangusa rafu, akatoka.

Ijumaa mgeni rasmi alikuja na kikombe cha ushindi wa mkoa cha mwaka uliopita. Orodha ya watahiniwa ilikuwa inafungwa saa sita mchana. Madawati yalitakiwa kutoka stoo hadi kwenye hema nje, na watahiniwa hawakuweza kusumbuliwa kwa sababu walikuwa wanajisomea. Waliitwa waliohama. Walikuja wote sitini na wanne, wenye sare zao, na kwa kuwa mlango wa nyuma ulikuwa mwembamba kwa madawati, waliruhusiwa kwa siku hiyo moja kupita korido kuu.

Dada wa Deki alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupiga deki. Alisimama ukutani, akawatazama wakipita wawiliwawili, dawati baina yao, wengine wakijaribu kuyakalia kidogo walipopumzika. Chiriku alipita na yule mtoto wa Jumatatu. Alipita mbele ya waraka ukutani na hakuusoma.

Madawati mia mbili yalipita, na sakafu ikabaki kama kioo.

Mgeni rasmi alisimama mlangoni, akavutiwa. "Nimezunguka wilaya nyingi," alisema, "sijaona usafi wa namna hii. Watoto wote hawa wamepita, na angalieni sakafu! Hii ndiyo nidhamu."

"Ndiyo utamaduni wetu, mheshimiwa," ofisa elimu alisema.

Bwana Wastani alipiga makofi, wengine wakafuata. Mgeni aliuliza ni nani aliyepiga deki ile, na Dada wa Deki akasukumwa mbele na mtu asiyemwona.

"Hongera, binti. Umesoma hapa hapa?"

Alifungua mdomo.

"Ni zao la shule zetu, mheshimiwa," ofisa elimu alisema upesi. "Baadaye alihama."

"Vizuri sana," mgeni alisema, akampa mkono, akaenda kukabidhi madawati. Aliyakabidhi kwa dakika arobaini, na chati za ufaulu zilionyeshwa, na mwalimu wa hesabu alizieleza kwa kijiti. Kisha madawati yalirudishwa stoo, kwa sababu lori la kuyapeleka shuleni halikuwa limepangwa. Waliyarudisha walewale. Saa sita kamili Bwana Wastani alifunga orodha, akagonga muhuri.

Msafara ulipoondoka, Dada wa Deki alijaza ndoo upya. Sakafu ilikuwa na nyayo za mgeni, na za ofisa, na za mwalimu wa hesabu, kubwa, nyeusi, zimekanyagana. Alizifuta moja moja.

Chiriku alitoka stoo akiwa wa mwisho, mabega yamejaa vumbi la mbao. Alikuja taratibu katikati ya maji, akigeuka kila hatua kuangalia nyuma, na nyuma hakukuwa na kitu, hata kidole gumba. Akafika alipo dada yake. Akatazama miguu ya dada yake pia, peku ndani ya maji, na sakafu iliyoizunguka.

"Dada," alisema, "na wewe ulihamia wapi?"

Mlango wa karani ulifunguka. Bwana Wastani alitoa kichwa, kalamu nyekundu sikioni, kikombe cha mkoa mkononi akikitafutia kabati.

"Nani anaongea hapo? Sherehe imekwisha. Si tulisema waliohama watumie mlango wa nyuma?"

Dada wa Deki aliegemeza dekio ukutani. Hakutazama ndoo. Alimtazama karani usoni, na sauti iliyotoka ilifungua milango mingine mitatu ya korido.

"Sikuhama. Nilikuwa nyumbani, mita mia mbili kutoka shuleni. Kengele nilikuwa naisikia kila siku."