Kamanda Mgongoni mwa Bibi

Kila wiki, siku gazeti lilipotoka, Mama Sauti hakushona kola. Wenzake katika karakana ya sare za shule waligawana kola zake, naye akapanda juu ya meza ya kukatia vitambaa, miguu ikining'inia, akawasomea hadithi ya mashujaa kwa sauti ya kushinda cherehani. Msimamizi aliuruhusu utaratibu huo kwa sababu siku hiyo hakuna aliyetoka nje kupiga soga, na hadithi ilipofika penye vita mikono ilikwenda mbio.

Wiki hiyo ilikuwa zamu ya Kamanda, kijana aliyevuka mto uliofurika akiwa peke yake, risasi mguuni, akawahi kuwaonya wenzake walio ng'ambo kwamba adui anakuja. Sanamu yake ilisimama mbele ya stendi na watu walipeana miadi hapo. Mama Sauti alipofika pale ambapo maji yanamfika shujaa kifuani, Kamanda mwenyewe alitokea mgongoni mwa bibi aliyekuwa akishona vifungo karibu na dirisha. Alikuwa amelowa chapachapa, mikono yake imezunguka shingo ya bibi, na buti moja halikuwepo. Msimamizi alimwambia bibi asogeze mashati meupe yasipate madoa. Bibi akayasogeza.

Mjukuu wake wa kike, aliyekuwa akishona mikono ya mashati kwenye cherehani ya jirani, alileta tambara akapangusa sakafu. Alimjua mgeni huyo. Tangu utotoni bibi alimsimulia, huku wakichambua mboga, kwamba siku moja alipokuwa kigoli alitumwa maji mtoni, akamkuta mwanajeshi amelala kwenye matete akimlilia mama yake. Akaweka ndoo chini, akambeba, akavuka naye. Aliporudi, ndoo ilikuwa imechukuliwa na maji, na nyumbani alichapwa kwa ajili ya ile ndoo.

"Shikamoo," mjukuu alimwambia Kamanda.

"Marahaba. Samahani kwa haya maji."

Siku ile ya kwanza Kamanda hakuwa mzito. Bibi alisema ni uzito uleule wa zamani, mgongo wake unaukumbuka. Walirudi naye nyumbani, akala nao, na usiku bibi akalala kifudifudi ili asimbane. Lakini kabla ya wiki kwisha bibi alisimama katikati ya ngazi akashindwa kupandisha mguu mwingine. Kamanda aliinamisha kichwa sikioni mwake.

"Samahani, dada," alisema. "Wamesoma tena."

Hadithi ilikuwa imependwa. Ilisomwa madarasani, ilisomwa redioni, ilisomwa kwa sauti kwenye foleni za zahanati. Karakanani, mkata vitambaa aliikata akaibandika ukutani juu ya mkasi wake. Alisema hadithi kama hii humfanya mwanamume anyooshe mgongo asubuhi, hata kama nyumbani hakuna anayemsikiliza. Mpiga pasi alimjibu kwamba zimemchosha. Kwenye hadithi zote hizo, alisema, punda ana jina, bunduki ina jina, na mwanamke kazi yake ni kusimama mlangoni alie. Akamgeukia Kamanda akamwita mzigo wa kuni mbichi. Mama Sauti alisema wote wawili hawajui kusikiliza hadithi, yeye anapenda pale penye maji tu. Wakabishana mpaka saa ya chakula.

Wakati wote huo kidevu cha bibi kilikuwa kinashuka kuelekea mezani. Mjukuu aliona kwamba kilishuka mkata vitambaa alipomsifu Kamanda, na kilishuka vilevile mpiga pasi alipomtukana.

"Ni kweli," Kamanda alisema. "Wakinipenda au wakinichukia, ninayetajwa ni mimi tu."

Mjukuu aliwaomba wenzake wanyamaze. Walikubali, maana bibi alikuwa mwenzao, na siku ya gazeti Mama Sauti akawasomea matangazo ya viwanja. Haikusaidia. Mji ulikuwa mkubwa na kila mtu alikuwa na la kusema.

"Mimi sitaki sanamu, mjukuu wangu," bibi alisema jioni moja akiutazama mkeka. "Nataka kulala chali. Usiku mmoja tu."

Basi mjukuu, ambaye kwa haya zake hata duka jipya aliogopa kuingia, alimshika bibi mkono wakaenda ofisini kwa mwandishi wa hadithi zile. Mwandishi aliinuka kwenye kiti alipomwona Kamanda. Alimpa mkono kwa juu ya kichwa cha bibi, akamuuliza mengi kuhusu mto. Kamanda alimweleza kwamba hakuvuka, kwamba alikuwa analia, na kwamba huyu dada ndiye aliyembeba. Mwandishi aliandika kila neno. Kisha akachukua kamera na kumwomba bibi ainame zaidi kidogo, kichwa chake kinaingia kwenye picha. Bibi hakuweza kuinama zaidi ya pale alipokuwa. Mwandishi alisema si neno, atakata kwa chini.

Walipokuwa mlangoni mjukuu alijikaza akasema, "Bibi ana jina."

"Bila shaka," mwandishi alisema kwa upole, akawafungulia mlango.

Toleo lililofuata lilikuwa na picha kubwa. Hadithi ilieleza jinsi shujaa alivyo mnyenyekevu, hata sifa zake amemwachia mshona vifungo asiyejulikana. Barua za wasomaji zikamiminika. Wengine waliandika kwamba wamelia. Wengine walisema ni kumdhalilisha shujaa kumweka mgongoni mwa kikongwe. Mmoja alisema siku hizi wanawake wanajipenyeza kila mahali, hata mitoni. Mwalimu mmoja aliuliza huyo mama anaitwa nani, na mwandishi akajibu kwamba jina litachapishwa nafasi ikipatikana. Nafasi haikupatikana, kwa kuwa ukurasa ulijaa barua.

Bibi alikata roho mchana mmoja, paji la uso juu ya shati la mtoto wa darasa la kwanza, kifungo cha mwisho kikiwa hakijakazwa. Mpiga pasi alikikaza. Kamanda alishuka, akasimama kwa mguu mmoja, akashika ukuta. Wanawake wa karakana walimwosha bibi, wakamnyoosha taratibu, na ndani ya jeneza wakamlaza chali.

Kwenye maziko Kamanda aliomba naye ashike jeneza. Mguu haukumruhusu kwenda mbali, alitoa bega hatua chache tu, kisha mkata vitambaa akampokea. Hatua hizo chache ndizo alizozipata mpiga picha wa gazeti.

Siku gazeti lilipotoka, Mama Sauti alipanda juu ya meza. Alilifungua, akalitazama, akamtazama mjukuu.

"Nisome, mwanangu? Au nisome viwanja?"

"Soma tu, Mama. Usiposoma wewe watasoma wengine."

Mama Sauti akasoma kichwa cha habari: Kamanda Ambeba Ajuza Hadi Kaburini. Habari yenyewe ilieleza moyo wa mwanamume asiyewasahau wanyonge, aliyembeba kikongwe huyo kama alivyowabeba wenzake wote vitani. Mkata vitambaa aliinamisha uso juu ya mkasi wake. Mpiga pasi alitema mate kwenye pasi kuona kama imepata moto, yakakauka papo hapo.

Mjukuu alihisi mgongo unapata ubaridi, kisha maji yakimteremka kiunoni. Mikono miwili ilimzunguka shingo kwa adabu.

"Samahani, dada," alisikia sikioni.

Kwa uzito wake ilionekana wengi walikuwa wamekwisha kusoma. Msimamizi alimwambia asogeze mashati. Aliyasogeza, kisha akavuta kiti mbele kidogo ili Kamanda apate nafasi, akaendelea kushona mkono wa kushoto wa shati.