Tela la Kukodi Kihonda

Mwaka 1993, biashara zilipokwisha kufunguliwa na kila mwenye chuma chakavu akajiita mfanyabiashara, mjukuu wangu Anselmi alikodi tela Kihonda, akalifunga nyuma ya Pajero yake ili tupeleke vyombo vya dada yake Jesca kwa mumewe, Kinole. Shangazi zao watatu, binti zangu wa kuzaa, walikwisha kupanda juu ya magodoro, wakiimba.

Nililikagua tela lile. Mahali pa pini ya kuliunganisha na gari palichomekwa nondo nyembamba iliyozungushiwa waya. Mnyororo wa usalama haukuwapo.

"Shikamoo, mzee. Ondoa hofu," alisema Abuu, mwenye tela, huku akitafuna muwa. "Hili limefika Dodoma."

"Marahaba. Lilibeba nini?"

"Saruji."

"Hawa ni wanangu, na kule ni mlimani."

Anselmi alininong'oneza, "Babu, unaniaibisha. Wakwe wanasubiri."

"Watasubiri. Shukeni nyote."

"Baba, tutembee mpaka Kinole?" aliuliza Veronika, mkubwa wao. "Magoti haya utanipa mengine?"

Walishuka wakinuna. Nilifungua waya, nikaichomoa nondo, nikaipinda gotini kwangu, mimi mwenye miaka sabini na miwili.

Abuu alicheka. "Mzee bado una nguvu!"

Tulipakia sufuria na binti zangu ndani ya gari, tukaviacha vitanda. Kabla hatujaondoka, Abuu alikwisha kuchomeka nondo nyingine kwa ajili ya mteja aliyefuata, naye mteja huyo alisimama kando akitazama.